Safari ya Gedi na Malindi, na Habari za Mfereji wa Suez

Mjomba wangu ni mzee wa miaka 88 kwa hesabu yake mwenyewe. Kwake ni Mnarani, upande wa kusini wa hori ya Kilifi. Mwaka 1957, alipokuwa kijana wa miaka 20, alipata kazi katika bandari ya Kilindini, Mombasa. Kazi yake ilikuwa kusimama gatini na daftari mkononi, akihesabu makasha na masanduku ya abiria waliokuja kwa meli kutoka Ulaya. Kwa kazi hiyo alijifunza majina ya bandari zote za njia ile, naye mpaka leo huyataja kwa mpango wake bila kukosea: London, Gibraltar, Port Said, Suez, Aden, Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, Beira.

Meli alizozijua zaidi ni mbili za kampuni ya British India, yaani Kenya na Uganda. Zote mbili zilijengwa katika mji wa Glasgow, nazo zilianza safari zao mwaka 1951 na 1952. Kila moja ilikuwa na uzito upatao tani 14,000, na kuchukua abiria kadiri ya 300, wengine wa daraja la kwanza na wengine wa daraja la watalii. Kwa abiria hao safari ilikuwa raha tupu. Walikula kwa kengele, walicheza dansi usiku, na walipochoka walikaa sitahani wakitazama bahari.

Siku moja Mjomba alimwokotea bibi mmoja wa Kizungu mwavuli uliotaka kuanguka majini. Yule bibi akamshukuru, akampa kadi ya posta yenye picha. Picha ile ilionyesha sanamu kubwa ya mtu amesimama kwenye mlango wa maji, amenyosha mkono kama anayekaribisha wageni. Mtu yule alikuwa Ferdinand de Lesseps, Mfaransa aliyeongoza kazi ya kuchimba Mfereji wa Suez, na mahali penyewe ni Port Said. Mjomba aliitunza kadi ile sandukuni mwake. Baadaye baharia mmoja akamwambia kuwa sanamu hiyo haipo tena. Wamisri walikwisha iangusha mwezi wa Desemba 1956, kabla yeye hajapewa hata hiyo picha.

Tangu siku hizo alitamani sana kuuona mfereji kwa macho yake. Hakujaliwa. Lakini jambo lililonifanya niandike habari hii si mfereji asiouona. Mwezi wa Julai 2024 tuliketi pamoja tukisikiliza redio, ikatangazwa kwamba mji wa kale wa Gedi umeandikwa na UNESCO katika orodha ya mahali penye urithi wa dunia nzima. Mjomba akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mjomba, mimi nimehesabu mizigo ya watu waliotoka mbali kuja kuitazama pwani hii. Hiyo Gedi yenyewe sijapata kuiona."

Nikaona haya, maana nami nilikuwa nimeiona mara moja tu, nilipokuwa mtoto wa shule, na sikukumbuka ila nyani. Tukapatana kwenda.

MFEREJI ULIVYOIBADILI PWANI YETU

Kabla ya kueleza safari yetu, yafaa msomaji ajue habari za mfereji huo, kwa kuwa umehusika na maisha yetu kuliko wengi tunavyodhani.

Kazi ya kuuchimba ilianza Aprili 1859, ikaendelea kwa miaka 10. Katika miaka ya mwanzo wakulima wa Misri walishurutishwa kuacha mashamba yao wakachimbe mchanga kwa majembe na vikapu, na wengi walikufa. Mfereji ulifunguliwa tarehe 17 Novemba 1869 kwa sherehe kubwa. Hauna milango ya kupandisha na kuteremsha meli, kwa sababu Bahari ya Mediterania na Bahari ya Shamu zimekaribia kuwa sawa kwa kimo. Siku hizi urefu wake ni kilomita 193, na meli huchukua karibu nusu siku kuupita, zikifuatana moja nyuma ya nyingine kama ngamia wa msafara.

Kabla ya hapo, meli ya Ulaya iliyotaka kufika kwetu ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika. Njia ilipokatwa Suez, tukawa karibu na Ulaya kwa maelfu ya maili. Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza kuleta stima za barua kutoka Aden mpaka Unguja. Mwenye kampuni hiyo alikuwa William Mackinnon, Mskochi. Jina hilo tulikumbuke, maana ndiye huyo huyo aliyeongoza kampuni ya Imperial British East Africa, ambayo mwaka 1888 ilipewa hati ya kutawala sehemu hizi. Zilitangulia barua, ikafuata biashara, kisha ukafuata utawala.

Malindi nayo iliguswa. Mji ule ulikuwa gofu kwa muda mrefu, ukahuishwa katika miaka ya 1860 chini ya Sultani wa Unguja. Mashamba yake yalitoa mtama na ufuta mwingi uliopelekwa Uarabuni kwa majahazi. Lakini tusifiche neno: mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga soko la Unguja. Huku bara, watoro waliokimbia mashamba walijenga vijiji vyao wenyewe, na wengine walipata himaya kwa Wagiriama. Utumwa wenyewe haukukomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Basi mtu wa Malindi akisema kwamba habari za Suez ni za watu wa mbali, hajui kwamba zilipita katika shamba la babu yake.

KUVUKA HORI

Tuliondoka Mnarani asubuhi moja ya Januari 2025, upepo wa kaskazi ukivuma vizuri. Kabla ya kupanda gari Mjomba alitaka kwanza tutazame magofu ya hapo hapo kwetu, juu ya jabali linaloangalia hori. Pana misikiti ya kale, makaburi yenye nguzo, na mibuyu ambayo haina mtu awezaye kusema aliiona ikipandwa. Mjomba alipapasa ukuta, akasema kwamba alipokuwa mtoto walikuja hapa kutafuta mbuzi waliopotea.

Kisha tukavuka daraja. Vijana wa leo hawajui shida ya zamani. Kabla daraja hili halijafunguliwa mwaka 1991, kila gari lililokwenda Malindi lilingoja kivuko, na kivuko kikiharibika safari huwa imekwisha. Mjomba alisimulia kwamba aliwahi kulala ng'ambo na gunia la mahindi, akiyaona mataa ya kwao wala hana la kufanya. "Maji haya ndiyo Suez yetu," akasema, na abiria wenzetu katika matatu wakacheka.

Toka Kilifi kwenda kaskazini barabara hupita kati ya minazi, mikorosho na mashamba ya mahindi na mihogo. Baadaye, upande wa kushoto, huanza msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 420. Ni mabaki ya msitu mkubwa ulioenea zamani katika pwani hii, na ndani yake wamo ndege na wanyama wasiopatikana kwingi duniani.

NDANI YA GEDI

Tulishuka njia panda ya Gede, tukapanda bodaboda hadi langoni. Tukalipa, tukapewa tikiti, akaja kijana wa Kigiriama wa kutuongoza. Alimwamkia Mjomba kwa heshima, "Shikamoo, baba," akamtafutia fimbo iliyo nzuri kuliko ile aliyokuja nayo.

Gedi ni mji wa mawe ndani ya msitu, ulio mbali kidogo na bahari. Ulikuwa na ukuta wa kuuzunguka, msikiti mkubwa wa Ijumaa, jumba la mfalme, na nyumba nyingi zenye vyoo na visima. Kaburi moja lina tarehe iliyochorwa, mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Serikali iliutangaza kuwa mahali pa kuhifadhiwa mwaka 1927, na tangu 1948 mtaalamu James Kirkman aliufukua kwa miaka mingi. Nyumba zilipewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Bakuli. Vilionekana vyombo vya udongo vya China, na shanga zilizotoka ng'ambo ya bahari. Watu wa hapa walikula katika sahani za China karne nyingi kabla ya Suez kuchimbwa, na vyombo vile vililetwa kwa pepo za kaskazi na kusi, bila makaa wala mafuta.

Mjomba aliuliza maswali mengi kuliko nilivyotazamia. Hakuuliza juu ya dhahabu wala wafalme. Aliuliza mzigo uliteremshwa wapi, nani aliuhesabu, na uliletwaje mpaka huku ndani. Kijana alimjibu kwa utaratibu, na pale asipojua alisema hajui.

Mwishowe tulisimama karibu na kisima kimoja. Mjomba akachungulia, akaona kikavu. Akauliza: "Kwa nini waliondoka?"

Kijana akaeleza kuwa wataalamu hutaja sababu kadha wa kadha. Wengine husema maji ya visima yalishuka chini, hata ikawalazimu watu kuchimba zaidi. Wengine hutaja mashambulio ya Wagalla kutoka kaskazini. Wengine husema biashara iliharibika Wareno walipokuja kuzishika bandari. Yamkini yote yalikutana. Kufika karne ya 17 mji ulikuwa umeachwa, na miti ikaota vyumbani.

Mjomba akasema maneno ambayo sikuyasahau: "Basi ni kama Kilindini mwaka 1967."

Nilimwelewa. Mwezi wa Juni 1967, kwa sababu ya vita vya Misri na Israeli, Mfereji wa Suez ulifungwa, ukakaa umefungwa miaka 8 mpaka Juni 1975. Meli 14 zilinaswa katika Ziwa Chungu Kubwa lililo katikati ya mfereji, zikakaa humo miaka hiyo yote mchanga wa jangwa ukizimwagikia. Mwaka huo huo wa 1967 meli Uganda iliondolewa katika njia ya Afrika Mashariki, ikageuzwa kuwa meli ya safari za wanafunzi. Kenya nayo ilikwenda kuvunjwa mwaka 1969. Ni kweli kwamba ndege zilikwisha anza kuwachukua abiria, lakini kufungwa kwa mfereji kulimaliza lililobaki. Mjomba alibaki na daftari lake. Abiria wa kuhesabiwa mizigo hawakuja tena kama zamani.

NGUZO YA MALINDI

Kutoka Gedi tulikwenda Malindi, mwendo wa kilomita 15 hivi. Tulifika kwenye ile nguzo nyeupe yenye msalaba wa jiwe, juu ya mwamba unaoingia baharini. Ni ukumbusho wa Vasco da Gama, aliyefika Malindi katikati ya Aprili 1498 baada ya kukosana na watu wa Mombasa. Mfalme wa Malindi alimpokea vizuri, akampa chakula na rubani wa kumvusha bahari. Waliondoka tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei wakafika Calicut, Bara Hindi.

Lakini Vasco da Gama hakuwa mgeni wa kwanza. Miaka 83 kabla yake, mwaka 1415, Malindi ilipeleka twiga kwa mfalme wa China, na Wachina walimstaajabia kama mnyama wa hadithi. Wala urafiki wa Wareno haukudumu kuwa baraka. Mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa, wakahamishia makao yao huko, na mfalme wa Malindi akahama pamoja nao. Malindi iliyowafungulia mlango ikaachwa nyuma. Ngome yenyewe iliangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698, baada ya kuzingirwa tangu 1696.

Mjomba aliketi juu ya jiwe, akatoa mfukoni ile kadi ya posta. Sikujua kuwa ameichukua. Akaiinua sambamba na nguzo, akasema: "Wamisri waliiangusha yao. Sisi hii tumeiacha."

Nikamwuliza kama aonavyo yeye ingeangushwa. Akafikiri kidogo, akajibu: "La. Iache. Ila ningependa ya pili iwekwe kando yake, ya yule rubani."

Msomaji, neno hilo limenikaa moyoni. Jina la nahodha linajulikana dunia nzima. Watoto wa shule huliimba. Jina la rubani halina hakika mpaka leo. Wako waliosema kuwa ni Ahmad ibn Majid, mwanachuoni mashuhuri wa bahari, lakini wataalamu wengi hawakubali. Wengi hudhani alikuwa mtu wa Gujarati. Bila yeye, merikebu za Wareno zisingalijua nyota zipi za kufuata wala upepo upi wa kungoja.

Na hapo ndipo mfereji unapotupa funzo. Meli kubwa inayopita Suez, hata iwe na anasa gani, haijiongozi. Sharti imchukue rubani wa mfereji. Serikali ya Misri, chini ya Gamal Abdel Nasser, ilipoutwaa mfereji tarehe 26 Julai 1956, wengi Ulaya walisema Wamisri hawataweza kuuendesha. Mwezi wa Septemba marubani wengi wa kigeni wakaacha kazi kwa pamoja. Marubani wa Kimisri, wakisaidiwa na wachache wengine, wakafanya kazi usiku na mchana, na meli zikaendelea kupita. Walishinda kwa sababu walikuwa wamejifunza maji yao wenyewe.

MAJI MEKUNDU

Kabla ya kurudi tulitembea mpaka gatini. Mjomba alishangaa kuona bahari ina rangi ya udongo. Nilimweleza kuwa ni tope la mto Sabaki, ambao humwaga maji yake kaskazini ya mji, na pepo za kaskazi hulisukuma tope hilo kuelekea ghubani. Udongo huo hauzaliwi Malindi. Hutoka mbali bara, katika mashamba ya miinuko ambayo hayakuwekewa matuta, na malisho yaliyokwanguliwa na mifugo. Kila mvua kubwa inaponyesha, rutuba ya mkulima wa bara huja kuijaza bandari ya mvuvi wa pwani. Ghuba imekuwa haina kina, na meli za anasa hazina nafasi hapa. Huishia Kilindini, ambako siku hizi limejengwa jumba la kupokea abiria wao.

Hata hizo haziji kwa hakika. Mwezi wa Machi 2021 meli moja ya mizigo, Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama Suez ikafunga njia kwa siku 6. Kuanzia Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen waliposhambulia meli katika Bahari ya Shamu, makampuni mengi yalizirudisha meli zao katika njia ya zamani ya Rasi ya Tumaini Jema. Mambo yanayotendwa mbali sana na Kilifi yaweza kumfunga mkono mchonga vinyago aliyeketi kando ya barabara hapa kwetu.

Wahenga wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni kweli, na mgeni tusimkatae. Lakini mwenyeji atapona tu ikiwa naye ana kitu chake mkononi. Mkulima aweke matuta. Udongo ukibaki shambani, meli zije zisije, atakula. Karani na mwalimu wawapeleke watoto Mnarani, Gedi na Malindi, wawaeleze mema na mabaya yaliyotendeka humo, pamoja na habari za watumwa. Mgeni akija, aongozwe na mtu ajuaye, kama kijana yule wa Gedi, ambaye mimi namhesabu kuwa rubani wa kweli.

Tulirudi Mnarani baada ya magharibi. Mjomba alikuwa amechoka, miguu imevimba kidogo, lakini hakukubali kulala kabla ya kufungua sanduku lake. Alitia humo kadi ya Port Said, na juu yake akaweka tikiti ya Gedi. Kisha akanitajia tena bandari zake kwa mpango: London, Gibraltar, Port Said, Suez, Aden. Alipofika hapo akasita, akacheka, akaongeza jina lisilokuwamo katika daftari la kampuni: "Malindi." Ndipo akaendelea, Mombasa, Unguja, mpaka mwisho.